Kila shida ya Wi-Fi iko na historia yake



Leo tuongee juu ya ile alama ndogo ya Wi-Fi, mistari iliyopinda pale chini ya kioo cha kompyuta. Kuko siku mistari yote iko fasi yake, lakini ukifungua ukurasa, hakuna kitu. Ukiweka mshale juu ya alama, Windows inakuambia kwa Kifaransa: « Pas d'accès Internet ». Siku nyingine alama yenyewe haionekani hata kidogo.

Kinachofuata wengi wetu tunakijua. Unapeleka mashini kwa fundi, fundi anasema: tuiformate. Unatoa makuta, unarudi nyumbani na mashini tupu, TFC imeenda, picha zimeenda, barua za kuomba kazi zimeenda. Jioni unawasha, na shida ni ileile. Kwani shida haikuwa ndani ya mashini.

Hoja yangu ni moja tu. Hii kitu tunaita Wi-Fi si kitu kimoja. Ni mlolongo wa hatua saba, na kila hatua ilibuniwa na watu wengine, kwa mwaka mwingine, juu ya shida nyingine kabisa. Kompyuta ikijiunga inapita hatua zote saba kwa sekunde chache, moja baada ya nyingine. Ikikwama, mara nyingi imekwama kwa hatua moja tu. Mwenye kujua kila hatua ilizaliwa juu ya nini, anajua pia dalili yake ikigonjwa. Basi tufuate historia hiyo, na kwa kila hatua tuseme namna ya kuipima.

Lakini kabla ya yote, jaribio la bure. Chukua simu, iunganishe na Wi-Fi ileile, zima data ya simu, kisha fungua ukurasa. Simu ikifaulu na kompyuta ikishindwa, shida iko upande wa kompyuta. Zote mbili zikishindwa, acha kompyuta ya watu, shida iko kwenye ruta au nje ya nyumba. Dakika mbili tu, na umeshagawa kazi kati na kati.

1. Kadi na piloti wake

Zamani kompyuta ya kubeba haikuwa na Wi-Fi ndani. Ulinunua kadi pembeni, unaichomeka ubavuni. Mwaka 1999 kampuni ya Apple ilileta iBook, ambayo ungeweza kuiwekea kadi ya Wi-Fi yenye kufichwa ndani. Mwaka 2003 Intel ikaleta Centrino, na tangu pale kadi ya Wi-Fi ikawa kitu cha kawaida ndani ya karibu kila kompyuta ya kubeba.

Kadi ikiingia ndani, mambo mawili yalifuata. Kwanza, haionekani tena, kwa hiyo watengenezaji waliweka kitufe cha kuizima, upande wa ubavu au kwenye kibodi pamoja na Fn. Mtoto akikigusa, au wewe mwenyewe ukifuta vumbi, Wi-Fi inazimika na hujui. Pili, kadi haifanyi kazi bila programu ya kuiongoza, ile mafundi wetu wanaita piloti. Kila kadi iko na piloti wake.

Dalili: alama imepotea, au Windows haioni rezo hata moja wakati simu inaona kumi. Angalia kama umewasha « Mode Avion ». Angalia kitufe. Kisha fungua « Gestionnaire de périphériques » na uone kama kadi iko kwenye orodha na haina alama ya njano. Hapa njo kuna kichekesho cha kuformata: mara nyingi Windows mpya haina piloti wa kadi ya zamani. Mtu alileta mashini yenye Wi-Fi dhaifu, akarudishiwa mashini isiyo na Wi-Fi kabisa. Ukilazimika kuformata, kwanza kopia piloti kwenye klé, pamoja na kazi zako zote.

2. Mawimbi yaliyokataliwa na wengine

Mwaka 1945, huko Marekani, injinia Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alikuwa anafanya kazi na mitambo ya rada. Akaona mawimbi yake yanaweza kupasha chakula. Njo mwanzo wa furu ya mikrowevu. Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa wa redio uliokaa Atlantic City ukatenga masafa fulani kwa mashini za viwanda, za sayansi na za hospitali, zile zinazotoa mawimbi si kwa kuongea bali kwa kupasha na kuchoma. Kati ya masafa yale kulikuwa ya karibu gigahezi 2,4. Kwa watu wa redio, fasi hiyo ilikuwa kama jaa la takataka. Nani atataka kuongea kando ya furu inayopiga kelele?

Miaka 38 ikapita. Tarehe 9 Mei 1985, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ikisukumwa na injinia wake Michael Marcus, iliruhusu kila mtu atumie masafa yale bila leseni. Masharti yalikuwa magumu: nguvu yako iwe ndogo, na wengine wakikusumbua, usilalamike. Hii sharti ya pili tunaishi nayo mpaka leo.

Kampuni ya NCR, iliyotengeneza mashini za kuhesabia makuta madukani, ikaona nafasi. Maduka makubwa yalikuwa yanahamisha meza mara kwa mara, na kila mara lazima kuchimba ukuta kupitisha waya. Mainjinia wake wa Nieuwegein, Uholanzi, wakatengeneza WaveLAN, ili mashini ya malipo iongee bila waya. Mmoja wao, Vic Hayes, aliongoza miaka kumi ile kamati iliyoandika kanuni za pamoja, ili kadi ya kampuni moja isikilizane na ruta ya kampuni nyingine. Kanuni ya kwanza ilitoka 1997, ikiwa na mwendo wa megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 zikafuata mbili: moja ya megabiti 11 kwa masafa ya 2,4, nyingine ya megabiti 54 kwa masafa ya gigahezi 5. Jina Wi-Fi lilikuja wakati ule, likatengenezwa na kampuni ya kutunga majina ya biashara.

Kulikuwa tena shida ya mwangwi. Ndani ya nyumba, wimbi linagonga ukuta, linagonga kabati, na linafika mara tano kwa nyakati tofauti kidogo. Dawa kubwa ilitoka Australia, kwa kundi la John O'Sullivan wa shirika la utafiti CSIRO. Huyu bwana alikuwa mtu wa kusikiliza nyota kwa redio. Miaka ya 1970 alitafuta ishara za mashimo meusi madogo yanayolipuka, hakuzipata. Lakini hesabu alizozoea za kusafisha ishara iliyochafuka zilimsaidia kuishinda ile shida ya mwangwi, na shirika lake likapata hati ya ubunifu Marekani mwaka 1996.

Dalili ya ugonjwa wa mawimbi: rezo inakuja na kupotea, asubuhi ni nzuri na jioni ni mbaya, chumba kimoja inashika na kingine hapana. Kipimo: beba kompyuta mpaka mita mbili toka kwenye ruta. Ikipona, mashini ni mzima, umbali au ukuta njo unasumbua. Mabati yanarudisha mawimbi, tangi la maji linayameza, ukuta wa matofali mazito unayapunguza. Inua ruta juu, itoe nyuma ya televisheni na pembeni ya friji. Masafa ya 5 ni mepesi kwa mwendo lakini yanachoka haraka kwenye kuta. Yale ya 2,4 yanafika mbali lakini yamejaa watu. Na kama majirani wako wengi, jua hivi: masafa ya 2,4 yamegawanywa kwa chaneli zinazopandana, na zile tatu zisizogusana kwa kawaida ni ya 1, ya 6 na ya 11. Ingia kwenye ruta, chagua mojawapo, ile ambayo majirani hawaitumii sana.

3. Zamu ya kuongea

Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha Hawaii walikuwa na shida ya kijiografia. Chuo kilikuwa na matawi kwenye visiwa mbalimbali, na kompyuta kubwa ilikuwa Honolulu. Simu zilikuwa ghali na mbovu. Wakaunganisha visiwa kwa redio, wakaita mtandao wao ALOHA. Wote walitumia masafa yaleyale, na kanuni yao ilikuwa rahisi: ukiwa na neno, sema. Usipopata jibu, maana yake mwingine aliongea wakati uleule na maneno yakagongana. Basi ngoja muda kidogo wa kubahatisha, kisha rudia.

Hesabu zilionyesha kwamba kwa namna ile, hata mambo yakienda vizuri, njia inafanya kazi ya maana kwa karibu asilimia 18 tu. Waliokuja nyuma wakaongeza adabu: sikiliza kwanza, mwingine akiongea nyamaza. Wi-Fi yetu ni mjukuu wa ALOHA. Kwa chaneli moja, kwa wakati mmoja, mmoja tu anaongea. Ni kama palaver chini ya mti: wazee mia wakikaa, kila mmoja anangoja sana kabla ya kupata neno.

Dalili: mistari yote imejaa, na kurasa zinafunguka, lakini polepole kama konokono, hasa watu wakiwa wengi. Kipimo: jaribu saa kumi na moja za asubuhi, kabla wengine hawajaamka. Ikikimbia, hauna ugonjwa, uko na foleni. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtu aliyekaa mbali sana na ruta anaongea polepole, kwa hiyo zamu yake inakula wakati wa wote. Ukimsogeza yeye karibu, wote mnapata nafuu. Kama kuna kompyuta isiyohama, ipe waya. Itatoka kwenye foleni.

4. Ufunguo

Waya uko ndani ya nyumba yako. Wimbi linapita ukuta, linafika kwa jirani. Kwa hiyo kanuni ya 1997 iliweka kufuli, ikaitwa WEP, maana yake faragha inayolingana na ya waya. Lakini kufuli hiyo ilizaliwa dhaifu. Wakati ule sheria za Marekani zilizuia kuuza nje programu za siri zenye nguvu, na ufunguo wa kwanza ukafanywa mfupi. Mwaka 2001, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kosa ndani ya hesabu zenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walikuwa wanaivunja kwa muda usiozidi dakika moja. Ikaja WPA mwaka 2003 kama dawa ya haraka, kisha WPA2 mwaka 2004. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, akaonyesha ufa ndani ya WPA2 pia. Ukazibwa kwa kusasisha programu, na mwaka 2018 ikatangazwa WPA3.

Historia hii inatuhusu moja kwa moja, juu kwetu mashini mingi zinafika zikiwa zimeshatumika Ulaya au Dubai. Kompyuta ya zamani inajua kufuli ya zamani. Ruta mpya inadai kufuli mpya. Wanakutana mlangoni na hawaelewani.

Dalili: unaandika neno la siri, uko na hakika nalo, simu zinaingia, kompyuta inakataliwa. Kipimo: ambia kompyuta isahau rezo ile, kisha andika neno la siri upya, polepole, ukiangalia herufi kubwa na kibodi ya AZERTY, maana kibodi ikigeuka QWERTY, A yako inakuwa Q. Ikikataa bado, ingia kwenye ruta na chagua ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usirudi kwa WEP kamwe, hata fundi akikuambia ni rahisi.

5. Anwani

Umeingia. Sasa kila kompyuta inahitaji namba yake, la sivyo majibu hayajui pa kufika. Miaka ya 1980 mtu wa ofisi alipita na daftari, anaandika namba kwa kila mashini kwa mkono. Mashini mbili zikipewa namba moja, vita. Mwezi Oktoba 1993 ilitoka kanuni ya DHCP, kazi iliyoongozwa na Ralph Droms: mashini ikifika inauliza yenyewe, na inakopeshwa namba kwa muda fulani. Namba za dunia nazo zilikuwa zinaelekea kwisha, kwani hesabu yote ni bilioni 4 na kidogo. Mwaka 1994 zikatengwa namba za matumizi ya ndani, zile kila nyumba inaweza kutumia bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana ruta yako na ruta ya mtu wa Kinshasa zote zinaweza kuitwa 192.168.1.1.

Tangu Windows 98, Microsoft iliongeza kitu kimoja: kompyuta ikikosa wa kuikopesha namba, inajipa yenyewe namba inayoanza na 169.254. Kumbuka hiyo namba. Ni kama mgeni aliyekosa kitanda na kulala barazani: yuko nyumbani, lakini hajapokelewa.

Kipimo: fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika ipconfig. Ukiona 169.254, ruta haijakukopesha namba. Mara nyingi dawa ni kuzima ruta sekunde 30 na kuiwasha. Ikiwa ni ofisi au cyber yenye watu wengi, labda namba za kukopesha zimeisha, zimeshikwa na simu za watu walioondoka tangu asubuhi. Mwenye ruta apunguze muda wa mkopo. Na angalia pia kama kuna mtu aliandika namba kwa mkono ndani ya kompyuta yako siku za nyuma. Mashini zilizotoka kwa maofisi mara nyingi zinakuja na namba za bosi wa zamani.

6. Barabara ya nje

Mwezi Desemba 1983, Mike Muuss, mtu wa maabara ya jeshi la Marekani, alikuwa na mtandao unaosumbua. Akaandika jioni moja programu ndogo inayotuma neno fupi na kungoja mwangwi, akaiita ping, kwa mfano wa sauti ya chombo cha manowari kinachopima kilicho mbele ndani ya maji. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado hakuna chombo bora cha kwanza.

Andika ping 192.168.1.1, au ile namba ambayo ipconfig ilikuonyesha kama « Passerelle par défaut ». Ikijibu, njia kati yako na ruta ni nzima. Usiguse tena kompyuta. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni mashini ya Google inayojulikana tangu 2009. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikinyamaza, Wi-Fi yako haina kosa. Barabara ya nje njo imekatika. Kwanza uliza kama salio limeisha. Kama halijaisha, sikiliza historia hii.

Intaneti ya nchi yetu inapita kwa njia chache. Magharibi, kebo ya WACS inatoka baharini pale Muanda. Mashariki na kusini tunategemea sana njia zinazopita nchi jirani kuelekea Bahari ya Hindi, fasi ambapo kebo kubwa kama SEACOM na EASSy zilifika mwaka 2009 na 2010. Mbele ya pale, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti. Sasa, chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, kuna korongo kubwa ambalo mto wenyewe umelichimba. Mwezi Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, mchanga na matope viliporomoka ndani ya korongo lile, vikasafiri zaidi ya kilomita 1.100 chini ya bahari, vikakata kebo za WACS na SAT-3. Mwezi Agosti 2023 zikakatika tena palepale. Fikiria mtu wa Kinshasa siku zile, anazima na kuwasha modemu, anabadili neno la siri, anapeleka mashini kwa fundi, na aliyekata ni mto wetu mwenyewe, chini kabisa ya Atlantiki.

Kuna pia ukataji unaofanywa na watu. Mwezi Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilifungwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ilifungwa tena, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Siku zile alama ya Wi-Fi iliendelea kuonyesha mistari yote. Haikusema uongo. Mistari ile inapima tu nguvu ya mawimbi kati yako na ruta. Haijawahi kupima kitu kingine. Mwenye kujua hilo alifanya ping mbili, akafunga kompyuta, akaenda kutafuta habari kwa redio. Asiyejua alilipa fundi.

7. Jina na saa

Mwisho kabisa. 8.8.8.8 inajibu, lakini ukurasa haufunguki. Hapa kuna wahalifu wawili.

Wa kwanza ni majina. Sisi tunaandika majina, mashini zinataka namba. Mwanzoni majina yote ya mtandao yaliandikwa ndani ya faili moja, iliyotunzwa na kundi la Elizabeth Feinler pale Menlo Park, Kalifornia. Mwenye mashini mpya aliwajulisha wao. Mashini zikawa nyingi, faili ikashindwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, ambapo kazi ya kutafsiri majina imegawanywa kwa mashini nyingi duniani. Ile herufi mbili .cd za nchi yetu ni tawi moja la mti huo. Dalili ya DNS kugonjwa: ping ya namba inajibu, ping ya jina haijibu. Dawa: kwenye mipangilio ya kadi, weka 8.8.8.8 kama DNS, jaribu tena.

Wa pili ni saa. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilitoa njia ya kufunga mazungumzo kati ya kompyuta na ukurasa, ile kufuli ndogo unaona juu. Kufuli inategemea cheti, na cheti kiko na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Tangu IBM PC AT ya 1984, kompyuta inakumbuka saa kwa betri ndogo, hata kuran ikiwa imekatika. Kwetu, mashini za zamani betri ile imeshakufa. Betri kubwa ikiisha kabisa, mashini inaamka ikidhani ni mwaka 2009. Inaangalia cheti cha leo, inaona kinatoka siku ambazo hazijafika, inakataa. Mtu anaona onyo la hatari kwa kila ukurasa, anasema ni virusi, anaformata.

Dawa: sahihisha tarehe na mwaka. Ikirudia kila mara, badilisha ile betri ya duara, CR2032 kwa mashini mingi. Bei yake ni ndogo kuliko teksi ya kwenda kwa fundi.

Ukitazama vizuri, hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyekaa na kusema: leo nabuni Wi-Fi yote. Mmoja alitaka kuuza mashini za duka, mwingine kuunganisha visiwa, mwingine kusikiliza nyota, mwingine kumaliza usumbufu wa jioni moja. Kazi zao zilipachikwa moja juu ya nyingine, na tulichonacho ni jengo la ghorofa saba lililojengwa na mafundi wasiojuana. Linasimama vizuri ajabu. Lakini likivuja, haifai kubomoa nyumba nzima. Inafaa kuuliza: ni ghorofa gani?

Fundi mzuri anauliza vile, na tuko nao wengi mijini mwetu, tuwaheshimu na tuwalipe. Fundi anayeanza kwa kuformata hajauliza. Kwa hiyo siku ukiwa na barua ya kazi ya kutuma kabla ya saa sita za usiku, fuata mpango huu: simu nyingine, kadi, sogea karibu, sahau na andika upya, ipconfig, ping mbili, jina, tarehe. Ni robo saa. Na kama zote ni nzima na 8.8.8.8 bado inanyamaza, tafuta mtu mwenye rezo ya kampuni nyingine, tuma barua yako kwa njia yake. TFC yako itabaki salama fasi yake.

Wanaojua dalili nyingine waandike hapa chini, na wataje mji wao, ili wengine wasilipie tena kitu cha bure.